Kwa Anayeanza Kukimbia Mombasa

Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapa Mombasa, kwenye uwanja wa gofu unaotazama bahari kule Mama Ngina. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alifika akiwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka 5 mfululizo. Katika joto na unyevu wa siku ile alitoka kabla ya kumaliza, na wengine wengi wakatoka pia. Ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea.

Basi wewe unayefunga kamba za raba kwa mara ya kwanza, au uliyehamia kikazi kutoka bara, shika hili kabla ya jingine lolote: mji huu joto ndilo linaloamua mwendo. Ukilikubali mapema utadumu. Ukishindana nalo, wiki ya pili utaacha, tena utaacha ukiamini kwamba wewe si mtu wa mazoezi, kumbe ulikosea mwendo tu.

Sababu yenyewe ni nyepesi kueleza. Mwili hupoa pale jasho linapokauka juu ya ngozi. Jasho linalodondoka chini halipozi kitu. Hewa ya pwani imeshajaa maji, kwa hiyo jasho linakutiririka na joto linabaki ndani. Moyo hapo una kazi mbili kwa wakati mmoja, kulisha misuli ya miguu na kupeleka damu kwenye ngozi ili ipoe. Ndiyo maana mtu aliyezoea kumaliza kilomita kwa dakika 6 kule Nairobi au Eldoret anafika hapa akihema kwa dakika 7, ingawa usawa wa bahari una oksijeni nyingi zaidi. Mwili huzoea baada ya siku 10 hadi 14 za mazoezi mepesi kwenye joto: jasho huanza kutoka mapema, na chumvi inayopotea nalo hupungua. Siku hizo hazifupishwi kwa kujikaza.

Toka saa 11 na nusu alfajiri, au jioni jua likishalegea. Alfajiri unyevu uko juu lakini joto ni dogo. Jioni hewa imekauka kidogo ila lami na kuta bado zinatoa joto la mchana. Kwa anayeanza, alfajiri ni bora, kwa sababu hakuna kikao wala mgeni atakayekuzuia saa hiyo. Weka nguo, soksi na raba pamoja usiku, karibu na kitanda. Januari hadi Machi, kaskazi inapovuma, ndiyo miezi migumu. Julai na Agosti, wakati wa kusi, kuna nafuu kubwa. Aliyeanza Februari asijipime na aliyeanza Julai.

Mpango wa kuanzia ni huu. Tembea haraka dakika 5. Kisha kimbia dakika 1, tembea dakika 2, urudie mara 8. Malizia kwa kutembea dakika 5. Jumla ni dakika 34, siku 3 kwa wiki zisizofuatana. Hatua hiyo ikikaa nyepesi wiki nzima, nenda dakika 2 za kukimbia na 2 za kutembea, mara 6. Baadaye 3 kwa 1. Wengi hufika dakika 20 bila kutembea baada ya wiki 8 hadi 10. Ukihitaji wiki 14, chukua wiki 14.

Mwendo wa kukimbia upimwe kwa maneno. Taja kwa sauti vituo vya matatu kutoka kwenu hadi mjini. Ukikatika katikati ya jina, punguza. Wanaoanza karibu wote hukimbia haraka mno, na kinachowasukuma mara nyingi ni aibu: kuna vijana wanapita, kuna mzee anaangalia kutoka barazani. Hakuna anayekuhesabia. Mwendo wa kuzungumza ndio unaojenga moyo na mishipa midogo ya damu kwenye misuli, na hata wakimbiaji wakubwa hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao kwa mwendo mwepesi.

Tukae kidogo hapa, maana hapa ndipo watu huumia na ndipo mbio zinapofundisha jambo linalofaa hata nje ya mbio. Moyo na mapafu hujibu mazoezi ndani ya wiki chache. Kano, maungio na mifupa huhitaji miezi. Kwa hiyo karibu na wiki ya 4 hadi ya 6 utajisikia umekuwa mtu mwingine: pumzi ipo, usingizi ni mzuri, nguo zimelegea. Ndiyo wiki ya hatari. Pumzi inakuruhusu kukimbia umbali ambao mfupa wa muundi na kano ya kisigino bado haviwezi kuubeba. Mtu anaongeza siku ya nne, anaongeza kilomita, anakubali kufuatana na kundi la wazoefu Jumapili, na Jumatatu anashuka ngazi akishika ukuta.

Kazini ni vivyo hivyo. Mfanyakazi mpya mwenye akili hushika utaratibu haraka, mwezi wa pili anasifiwa, anapewa zigo la watu wawili, naye hajakutana bado na mteja mkorofi, hesabu isiyolingana, au siku ambayo mtandao umekatika na foleni imefika mlangoni. Mwanafunzi naye huelewa somo darasani akadhani amelijua. Kuelewa hutangulia kubeba. Unapojiona umeiva, usiongeze kitu kwa wiki 2 zaidi. Halafu ongeza kidogo, kama sehemu 1 kati ya 10 ya jumla ya wiki, na kila wiki ya nne ipunguze uwe kama unarudi nyuma.

Sasa viatu. Raba mpya za kukimbilia ni ghali, na wengi wetu hununua mitumba ya Kongowea. Si vibaya, mradi ujue kukagua. Weka kiatu mahali palipo sawa ukitazame kutoka nyuma: kisigino kikiwa kimelala upande mmoja, kirudishe, kitakulazimisha utembee kama mwenyewe wa kwanza. Bonyeza sponji ya pembeni, ile iliyo kati ya soli na kitambaa, kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu au ina mikunjo mingi iliyolala pamoja, imekufa hata kama soli ya chini haijalika. Sponji huisha kwa umri pia. Kunja kiatu: kipindike penye vidole, na kikipindika katikati ya unyayo kiache. Mwisho vuta ncha ya soli mbele uone kama gundi imeachia. Jaribu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazokimbilia, na ubakishe nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Kiatu kipya kwa kawaida hubeba kilomita 500 hadi 800. Cha mtumba hujui kimebakiza ngapi, kwa hiyo goti au muundi ukianza kulalamika bila sababu, anza kushuku kiatu.

Usikianike juani. Jua la hapa hulegeza gundi na kukausha sponji. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, weka kivulini penye upepo. Kikiingia maji ya bahari, kisuuze kwa maji ya bomba siku hiyo hiyo. Soksi za pamba tupu hushika jasho na kuleta malengelenge. Tafuta za mchanganyiko wa nailoni. Paka mafuta ya mgando katikati ya mapaja, kwapani, na wanaume kwenye chuchu. Ni jambo dogo mpaka siku uliposahau na ukaingia bafuni.

Ufuo unavutia, na wageni hukimbilia Nyali au Bamburi bila kuuliza maji. Uliza. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hujaa karibu na alfajiri na kupwa kama saa 4 asubuhi. Ukitoka saa 12 utakuta bahari bado iko juu, na uliobaki ni mchanga mkavu unaotitia. Kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50, hivyo siku chache baada ya mwezi kuonekana nusu angani, kupwa huangukia asubuhi mapema na unapata ukanda wa mchanga mgumu, ulionyooka. Mvuvi yeyote atakuambia bila kutazama jedwali. Mchanga laini huvuta kano ya kisigino, kwa hiyo dakika 10 zinatosha mwezi wa kwanza. Tena ufuo umeinama kuelekea majini: mguu mmoja unakanyaga chini kuliko mwingine njia nzima. Nenda na urudi njia ile ile ili miguu igawane. Kukimbia pekupeku ni kuzuri kwa nyayo, ila anza na dakika 5 na uangalie vipande vya kombe na matumbawe.

Njia nyepesi zaidi kwa mwanzo ni Mama Ngina: upepo wa bahari, mibuyu yenye kivuli, na watu wa mazoezi kila asubuhi, jambo ambalo ni usalama. Kabro yake ni ngumu na huteleza ikinyesha. Daraja la Nyali liache mpaka uwe na uzoefu, kwani asubuhi linajaa watu wa kazini na moshi wa magari. Barabarani kimbia upande wa kulia, ukiyatazama magari yanayokuja, na usizibe masikio yote mawili. Bodaboda na tuktuk hutokea upande usiotarajia. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vya watu wanaoishi humo. Pita ukitoa salamu, punguza mwendo penye wazee na watoto wa madrasa, vaa nguo inayositiri. Dada zetu wengi hukimbia vizuri na suruali pana ya kitambaa chepesi, fulana ndefu na mtandio uliobanwa nyuma, na kundi la watu 3 au 4 ni bora kuliko peke yako kabla hakujapambazuka.

Kuhusu maji, mazoezi ya chini ya dakika 40 hayahitaji chupa: bilauri moja ukiamka na nyingine ukirudi. Kwa marefu zaidi jipime. Panda mizani kabla na baada, bila nguo. Kila kilo 1 iliyopungua ni kama lita 1 ya jasho. Rudisha polepole kwa saa kadhaa, pamoja na chakula. Kujilazimisha maji matupu mengi kwa mkupuo hupunguza chumvi kwenye damu, na hilo huleta kichefuchefu na kuumwa kichwa, na likizidi ni hatari kwa maisha. Dafu ni zuri lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo lifuatishe na kitu chenye chumvi. Kabla ya kutoka kula tende 2 au 3, au ndizi. Mahamri na mbaazi yangoje urudi, kwa kuwa mafuta hukaa tumboni na yanaweza kuleta kichomi cha ubavuni.

Ukianza kusikia baridi ya ghafla, mwili kusisimka, kizunguzungu au kutoona sawasawa wakati kuna joto, simama. Kivulini, maji kichwani, shingoni na kwapani. Mwenzako akianza kuzungumza maneno yasiyoeleweka, mmwagie maji mengi mara moja huku mtu mwingine anatafuta gari la kumpeleka hospitali. Usimwambie apumzike tu.

Ramadhani ina utaratibu wake. Ukikimbia, iwe dakika 30 nyepesi za mwisho kabla ya magharibi, au baada ya tarawehe ukishakunywa maji ya kutosha. Mwezi huo lengo ni kutopoteza ulichonacho. Kupanda kutarudi Shawwal.

Maumivu yana lugha yake na utaijifunza. Uzito wa misuli pande zote mbili, unaopungua ukipasha mwili, ni kazi ya kawaida. Maumivu ya mahali pamoja, unapoweza kuweka kidole, hasa juu ya mfupa wa muundi, yanayozidi kadiri unavyokimbia, ni ya kusimama siku hiyo hiyo na kuonana na daktari yasipoisha baada ya wiki ya kupumzika. Nunua daftari la kawaida uandike tarehe, dakika, saa ya kutoka, na neno moja la hali ya mwili. Baada ya miezi 3 litakuonyesha mambo ambayo kumbukumbu inayaficha: kwamba kila goti lilipouma ulikuwa umeongeza siku, au kwamba wiki mbaya zote zilifuata siku ulizochelewa kulala hadi saa 7 usiku.

Utakatika tu, kwa safari, msiba, mitihani au mvua za masika. Ukikosa wiki 1, endelea ulipoachia. Wiki 2 au 3, rudi hatua moja nyuma. Mwezi mzima, anza tena na dakika 1 kwa 2, na mara hii utapanda haraka kuliko mwanzo. Ukiwa na homa usikimbie hata dakika 5; malaria au dengi ikikupata, subiri umalize dawa, ule vizuri, upande ngazi za nyumbani bila moyo kwenda mbio, ndipo utoke kutembea kwanza dakika 20 kwa siku kadhaa kabla ya kukimbia.