Tempe: soya iliyochachushwa isiyosumbua tumbo

Wengi huacha soya kwa sababu ya gesi. Huko Java, Indonesia, soya huliwa sana ikiwa tempe: punje zilizochemshwa, zikashikanishwa na kuvu wa Rhizopus mpaka zikawa kipande kigumu cheupe cha kukatwa kwa kisu. Kuloweka, kuchemsha na kuchachusha hupunguza sukari zinazoleta gesi. Kuvu huyo pia huvunja asidi ya fitiki, ambayo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma na zinki. Gramu 100 zina protini karibu gramu 20. Na tempe haitiwi chumvi inapochachushwa, tofauti na miso (rojo la soya la Kijapani), jambo zuri kwa mwenye presha.

Loweka nusu kilo ya soya usiku kucha, zipikiche maganda yatoke, kisha uchemshe dakika 45. Chuja, zipepee hadi zikauke juu na kubaki vuguvugu. Kazi nyingi huharibikia hapa: unyevu ukibaki, bakteria humtangulia kuvu. Tia vijiko vikubwa 2 vya siki, changanya, halafu kijiko kidogo 1 cha chachu ya tempe, yaani unga wenye mbegu za kuvu wa Rhizopus. Hamira ya mkate haifai kabisa.

Funga kwa majani ya mgomba, unene usizidi sentimita 3. Ukitumia mfuko, utoboe kila baada ya sentimita moja, maana kuvu huhitaji hewa. Weka penye nyuzi 30 hadi 32 kwa saa 24 hadi 36. Baada ya nusu siku hivi tempe hutoa joto lake yenyewe, kwa hiyo usirundike vifurushi. Joto likizidi, kuvu hufa.

Madoa meusi au ya kijivu karibu na matundu ni mbegu za kuvu tu, hayadhuru. Utelezi, harufu kali ya mkojo, au rangi nyekundu au kijani: tupa yote, usikate pembeni ukala pengine.

Pika kabla ya kula. Kwenye tui la nazi inakubali sana. Moto huua vijidudu, kwa hiyo anayeitafuta kwa ajili ya bakteria hai amekosea mlango. Asiyekula nyama, mayai wala maziwa asiitegemee kwa vitamini B12. Mwenye mzio wa soya asiiguse, kwani kuchachusha hakuondoi mzio.

Natto ya Japani, nayo soya iliyochachushwa lakini kwa bakteria, ni habari nyingine. Ina vitamini K2 nyingi mno, nayo hupunguza nguvu ya warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda; anayemeza dawa hiyo asiile kabla ya kuongea na daktari wake.