Leza inajuaje ni mafuta na si ukijani wa ziwa?

SWALI: Habari mwalimu. Mimi nauza samaki hapa Dunga, Kisumu. Kijana wangu ananiambia ati kuna ndege zinatafuta mafuta yaliyomwagika baharini kwa leza, hata usiku. Sasa hapa kwetu maji yakigeuka kijani mimi mwenye macho nashindwa kujua ni mafuta ama nini, hiyo taa itajuaje? – Mama Samaki, Dunga

JIBU: Mama, umeshika pale penyewe, maana hata rada ya setilaiti inakwama hapo hapo. Rada inaweza kusema tu kwamba maji yametulia, si kwa nini: mafuta yakitandaa yanalaza viwimbi vidogo na kwa picha panakuwa peusi, lakini upepo ukitulia pia panakuwa peusi, na utando wa ule ukijani unafanya vile vile.

Leza yenyewe inayalazimisha mafuta yajitaje. Ndege inapita chini, mita 100 mpaka 300 hivi, inapiga miale ya altravayoleti ambayo jicho halioni, halafu kuna kemikali ndani ya mafuta zinaimeza hiyo miale na kutoa mwanga wao wenyewe, darubini ya kwa ndege inaudaka. Dizeli inang'aa kuelekea bluu, mafuta mazito yanasogea kwa kijani na manjano, na ukijani wako una klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, huo unajibu kwa wekundu, karibu nanomita 685 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, ndio unaoamua rangi yake). Kuchanganya hizo ni ngumu sana.

Na kitu mimi napenda zaidi, maji pia yanajibu! Ukiyapiga na leza ya nanomita 308 yanarudisha mwanga wa 344, hii tabia iligunduliwa na mwanafizikia C. V. Raman kule India 1928. Mafuta yakifunika maji lile jibu linafifia, na vile limefifia ndivyo wanapima unene, ingawa utando ukipita maikromita 20 hivi, na huo bado ni mwembamba kuliko unywele, jibu linazima kabisa.

Usiku inafanya kazi vizuri, ukungu na mawingu ndio yanaizuia. Ujerumani wanayo kwa ndege za Dornier 228 zinazolinda bahari yao.

Hili jambo linanigusa sana kwa sababu siku hizi meli zinapakia mafuta pale jeti (gati) ya Kisumu kupeleka Uganda, na samaki wetu wako maji hayo hayo. Kwa sasa ukiona utando wenye rangi za upinde wa mvua, ukoroge na kijiti: ukivunjika vipande vipande mara nyingi ni bakteria, ukirudi kuungana na unanuka kama petroli, usichote hayo maji, piga ripoti kwa ofisi ya BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo, hapo ufuoni.