Je, mshipa ni tishu?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Darasani tunafundishwa aina nne za tishu za mwili, lakini wodini wagonjwa huita kila kitu mshipa: mshipa wa shingo umekaza, mshipa wa kisigino unavuta, mshipa wa fahamu umebanwa. Je, mshipa ni tishu? Na je, ni sahihi kuandika "matishu"?

JIBU: Nianze na lile jepesi. Tishu, yaani kundi la seli zinazofanana zinazofanya kazi pamoja, iko katika ngeli ya I-ZI: tishu hii imekufa, tishu hizi zimekufa. "Matishu" usiandike.

La mshipa ni zito zaidi. Mgonjwa wako hakosei Kiswahili. Katika mazungumzo ya kila siku, mshipa ni chochote kirefu na chembamba kinachopita chini ya ngozi, hasa kikivuta au kikiuma. Tena mzee akikwambia "nina mshipa", huenda anazungumzia ngiri au busha, na kwa heshima hataki kutamka zaidi. Neno limebeba mengi, na wewe ndiwe unayetakiwa kuyatenganisha, kwa sababu kila moja lina tishu yake na tiba yake.

Shingo iliyokaza kwa kulala vibaya, mara nyingi ni msuli, na hiyo ni tishu ya misuli. Kundi hili lina misuli ya mifupa, tunayoiamuru wenyewe, msuli wa moyo, na misuli laini ya tumbo, uzazi na kwingineko, ambayo haisubiri amri yetu.

Kinachovuta nyuma ya kisigino ni kano, inayoshika msuli kwenye mfupa. Kano ni tishu unganishi. Humo kuna pia mfupa, gegedu (kitu kigumu kinachonyumbuka, kama cha sikioni na kwenye maungio), mafuta na, jambo linalowashangaza wanafunzi wengi, damu. Damu imewekwa humo kwa kuwa seli zake zimetawanyika ndani ya kitu kisicho seli, yaani yale majimaji yake, kama seli za mfupa zilivyotawanyika ndani ya madini. Ukielewa hilo, hutakariri tena orodha ya tishu unganishi. Na kwa kuwa ndani ya gegedu hamna mishipa ya damu, jeraha la gegedu huchelewa sana kupona. Mweleze mgonjwa wa goti mapema.

Mshipa wa fahamu ni neva. Kiini chake ni tishu ya neva, na uzi wa seli moja unaotoka chini ya uti wa mgongo hadi mguuni unaweza kufika mita 1. Ndiyo maana neva ikibanwa kiunoni, ganzi husikika kwenye kidole cha mguu.

Sasa mshipa wa damu wenyewe, ambao ndio hasa jibu la swali lako. Huo si tishu. Ukuta wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, una tishu tatu: ndani kabisa tabaka la epithelia, yaani tishu ya kufunika, katikati misuli laini, nje tishu unganishi. Tishu kadhaa zikishirikiana kufanya kazi moja, tunaita ogani, na mshipa wa damu ni ogani.

Epithelia, aina ya nne, haimo katika malalamiko ya mishipa. Ni tishu ya kufunika na kutanda: kinywani, utumboni ambako hujifanya upya kila baada ya siku chache, na juu ya ngozi. Usiandike tu kwamba "ngozi ni epithelia". Tabaka la juu ndilo epithelia. Chini yake kuna tishu unganishi.

Kwenye faili, basi, andika msuli, kano, neva au mshipa wa damu, kila kimoja kwa jina lake. Ukizungumza na mgonjwa mwachie mshipa wake, kisha umwombe akuonyeshe kwa kidole pale panapouma.