Teluri: Harufu Haitoki Kwenye Jiwe, Inatoka Kwako

Mtu akipewa kipande cha elementi iitwayo teluri kwa mara ya kwanza hukisogeza puani, maana ameshasikia sifa yake ya kunuka. Hasikii kitu. Ni kipande cheupe kama fedha, kizito kiasi, chenye mistari ya fuwele juu yake, na kikigongwa kwa nyundo ndogo hupasuka kama kigae. Kinachonuka ni dimethili teluridi, na mtengenezaji wake ni mwili wako mwenyewe. Teluri ikishaingia mwilini, kila atomu huvishwa vikundi viwili vya methili (kaboni moja na hidrojeni tatu kila kimoja) ili itolewe nje. Mvuke unaopatikana husafiri kwa damu hadi mapafuni, kisha hutoka kwa pumzi na jasho ukinuka kitunguu saumu kikali. Ndiyo maana mswaki na pipi za minti havifui dafu: chanzo si kinywa.

Kiasi kinachotosha ni kidogo mno. Katika majaribio ya zamani, mikrogramu 0.5 ya oksidi ya teluri iliyomezwa ilimfanya mtu anuke kwa takriban saa 30. Hiyo ni punje moja yenye upana wa unywele. Miligramu 15 zilidumu siku 237. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila mita ya ujazo ya hewa ya kazini, lakini wafanyakazi huanza kunuka kwenye miligramu 0.01, yaani sehemu ya kumi tu ya kikomo hicho.

Kwa hiyo ichukulie harufu kama kengele. Mwenzako akikuambia unanuka kitunguu saumu na hujala, usione haya. Simamisha kazi, tafuta vumbi linatokea wapi. Dalili nyingine ni ladha ya chuma mdomoni, mdomo kukauka, usingizi usio wa kawaida na jasho kupungua. Vitamini C hutajwa sana kama dawa ya kupunguza harufu, lakini kunyamazisha kengele huku moto unaendelea ni hatari. Cha uhakika ni kuacha kuivuta na kusubiri. Na kama unanuka hivyo ilhali hujagusa teluri, nenda ukapimwe: seleni na arseniki nazo huleta harufu ya namna hiyo, na arseniki si jambo la kusubiri.

Kama unaweza kuchagua, nunua vipande, si unga. Ukitaka kuvunja, kitie kipande ndani ya mfuko mzito wa plastiki uliofungwa, gonga kwa nje ya mfuko, kisha acha vumbi litulie kabla ya kufungua. Futa meza kwa kitambaa kibichi. Ufagio hulirudisha vumbi hewani. Vaa glavu na barakoa ya kuzuia vumbi laini, na nguo za kazi zibaki kazini.

Kuyeyusha ndiko kunakowaponza wengi. Teluri huyeyuka kwenye nyuzijoto 450 hivi, joto ambalo tanuri dogo hulifikia kirahisi, na hapo ndipo mtu hujisahau. Ikipata hewa huwaka kwa mwali wa buluu unaoelekea kijani na kutoa moshi mweupe, ambao ndio ile oksidi tuliyoitaja. Fanya kazi chini ya argoni, gesi isiyounguza kitu, ndani ya kabati linalovuta hewa nje, na utumie chungu cha grafiti au cha kwatzi. Chungu cha shaba au chuma hakifai, kwa sababu teluri iliyoyeyuka hukila. Ukiiacha ipoe polepole utaona fuwele zikijipanga juu kama nyoya la ndege.

Upande wa asidi, hidrokloriki haiyeyushi teluri yenyewe. Hatari iko kwenye teluridi, yaani teluri iliyoungana na metali, hasa ya alumini: ikikutana na asidi, au hata unyevunyevu tu, hutoa hidrojeni teluridi, gesi yenye sumu. Usichanganye mabaki ya teluri na ya alumini.

Ukitaka kuhakikisha kwamba kipande ulichouziwa ni teluri kweli, weka chembe kama kichwa cha pini kwenye mililita 1 ya asidi ya sulfuriki nzito, pasha moto taratibu ndani ya kabati hilohilo. Rangi nyekundu nzuri itaenea. Iache ipoe kabisa, kisha imimine kidogokidogo kwenye maji mengi, kamwe si maji ndani ya asidi. Wekundu hupotea na unga mweusi wa teluri hushuka chini. Wekundu huo ulijulikana tangu enzi za Franz-Joseph Müller von Reichenstein, aliyeigundua elementi hii mwaka 1782 huko Transylvania ndani ya madini ya dhahabu. Martin Heinrich Klaproth aliipa jina mwaka 1798, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya ardhi.

Dhahabu na teluri hushikana kweli. Katika madini ya dhahabu na teluri kama kalaveriti, zebaki haiikamati dhahabu mpaka yachomwe kwanza, na moshi wa kuchoma huko ndio uleule mweupe.

Siku hizi teluri hupatikana hasa kwenye tope linalobaki shaba inaposafishwa kwa umeme. Sehemu yake kubwa huenda kwenye paneli za jua za kadimi teluridi. Bismuthi teluridi hupoza friji ndogo zisizo na kompresa, na risasi teluridi imo ndani ya betri ya nyuklia ya Curiosity, gari la utafiti lililoko kule Mirihi. Lakini kazi yake ninayoistahi zaidi iko karakanani. Shaba safi kwenye mashine ya kukerezea hutoa uzi mrefu unaojiviringisha kwenye kifaa cha kukatia na kuharibu uso wa kazi. Ongeza teluri asilimia 0.5 tu: haiyeyuki ndani ya shaba, bali hutawanyika kama chembe ndogo za teluridi, na uzi hukatika vipandevipande. Umeme hupita karibu kama zamani. Shaba hiyo inaungwa vizuri kwa lehemu, lakini usijaribu kuichomelea, maana kiungo hupasuka.