Khanga ndiyo iliyosema, si mimi

Shikamoo Bi Mkubwa. Mwezi uliopita tulikuwa na arusi ya mdogo wake mume wangu. Nilijifunga khanga yangu mpya, jina lake "Hasidi hana sababu". Wifi yangu mkubwa akanuna, akaondoka hata pilau halijapakuliwa. Sasa mama mkwe anataka nikamwombe radhi, tena khanga niichome. Mimi sikumtaja mtu, na maneno yale yameandikwa kiwandani. Katiba, ibara ya 18, inanipa uhuru wa kutoa maoni. Kosa langu nini?
Wifi Mdogo, Tanga

Marahaba, mwanangu. Khanga usiichome. Umeinunua kwa pesa yako, na mama mkwe hana amri juu ya sanduku lako la nguo. Bibi zetu walioona haya kumwambia mume "umenichosha" walijifunga doti, akasoma mwenyewe. Sauti hiyo siwezi kukuambia uitie moto.

Ila hapo pa kiwandani umeniudhi. Mwanamke wa pwani gani ananunua doti bila kusoma jina? Muuzaji anakukunjulia, anasifia pindo na mji, ile sehemu ya katikati, wewe macho yako kwenye maandishi. Halafu ukajifunga jina likakaa sawasawa makalioni, ukapita na sinia mbele ya wifi yako. Mara ngapi? Hukuandika.

Najua kwa sababu nimeyafanya. Mwaka 1996, enzi za taarab ya mipasho, niliinuka ukumbini na noti ya mia mbili nikatuze. Njia ya jukwaani ilikuwa nyeupe mbele yangu, mimi nikazunguka hadi kwenye kiti cha jirani yangu, nikampepea ile noti usoni, ubeti wenyewe wa wakopaji wasiolipa. Aliponiuliza nikamjibu: mimi namtuza mwimbaji. Mwimbaji hata hakumjua yule mama. Aliyemjua ni mimi. Miaka mitatu tulipishana bombani bila salamu.

Ibara ya 18 unayo, sikatai. Teremka basi mpaka ya 30, inayokataza uhuru wa mmoja kuingilia haki za wengine. Lakini hili la uani halihitaji wakili.

Nenda kwake umwambie, "Ile khanga nilikukusudia wewe." Usianze na "kama uliumia". Na huo uhasidi unaomwona nao, mwambie hapohapo kwa mdomo, naye akujibu. Ukitaka kumchukulia doti ya kumtaka radhi, niandikie kwanza jina lake nilisome.