Video imekwama, imeganda au imekatika?

SWALI: Natangaza harusi na misiba mubashara hapa Mwanza kwa ajili ya ndugu walioshindwa kufika, wengi wao wakiwa Ukerewe na Sengerema. Video ikisumbua wananipigia simu. Mmoja anasema imegoma, mwingine imekwama, mwingine imeganda, mwingine inalodi tu. Nataka niandike karatasi moja ya maelekezo, na mwenzangu anashauri niweke "imekwama" kila mahali kwa kuwa ndilo neno sanifu. Je, ni kweli? Na kipi bora, "mubashara" au "moja kwa moja"?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Ndugu yangu wa Kirumba, hapo usimfuate mwenzako. Kukwama, kuganda na kukatika yote ni maneno sanifu, na kila moja lina kazi yake. Ukibakiza moja tu, utakuwa umewanyima ndugu wa Ukerewe namna ya kukueleza kilichoharibika, na wewe utabaki kubahatisha dawa.

Kukwama ni kwa kitu kilichokuwa safarini kikazuiwa. Mtumbwi ukikwama kwenye matete, wenyewe ni mzima. Kizuizi kiko nje yake. Video mubashara nayo hukwama hivyohivyo. Matangazo mengi ya siku hizi husafirishwa kwa utaratibu wa HLS, uliotolewa na Apple mwaka 2009. Video hukatwa vipande vya sekunde chache, na kicheza video, yaani programu inayoonyesha video kwenye simu au kompyuta, husoma orodha ya vipande hivyo, kisha hukivuta kimoja baada ya kingine. Kipande kisipofika kwa wakati, kicheza hakina cha kuonyesha. Picha husimama, sauti husimama, kiduara huzunguka. Ukisikia kwamba vyote viwili vimesimama pamoja, andika "imekwama", kisha ulizia mtandao na bando.

Kuganda ni jambo jingine. Damu huganda, mafuta huganda. Kitu chenyewe ndicho kilichobadilika hali. Shangazi akikwambia, "Bibi harusi kaganda lakini kwaya naisikia," amekupa taarifa kubwa. Data zinamfikia, kwa sababu sauti inaendelea. Mara nyingi tatizo linakuwa kwenye kifaa chake, pale picha zinaposimbuliwa, yaani data zinapogeuzwa kuwa picha za kutazama. Mwambie afunge programu aifungue upya, aisasishe, au kama anatumia VLC, ambayo ni mojawapo ya programu za kuchezea video, azime kwenye mipangilio ule usimbuaji unaosaidiwa na maunzi (hardware) ya kifaa. Ukimwambia anunue bando jipya, unampotezea hela yake bure.

Kukatika ni mwisho wa mawasiliano: video ilikuwepo, sasa haipo, na kungoja hakusaidii. Hapo mtu afungue kiungo upya. Na kiungo kikikataa, andika "kiungo hakifunguki", usiandike "programu haifungui". Kauli hizi mbili hazilaumu kitu kimoja. Ya kwanza inakutuma ukague anwani uliyowapa watu, ya pili inakutuma ukague programu. Mitaani tunasema "imekata", nami sioni ubaya kwenye mazungumzo, ila kwenye karatasi "imekatika" ndiyo inayofaa, maana "imekata" humwacha msomaji akiuliza imekata nini.

"Imegoma" iache kabisa. Inaeleza tu kwamba mtu amechoka.

Jambo ambalo waandishi wengi wa maelekezo hulipita, nami nakuomba ulitilie maanani, ni viambishi vya njeo, yaani vile vinavyoonyesha wakati wa tendo. "Imekwama" maana yake imesimama na hadi sasa bado imesimama. "Ilikwama" maana yake imeshapita, hakuna la kufanya. "Inakwamakwama" ni kusimama na kuendelea, kusimama na kuendelea, na kule kurudia shina ndiko kunakotwambia kwamba mtandao upo lakini haufiki kwa mwendo mmoja. Dawa yake ni tofauti na ya "imekwama". Hapa mtazamaji apunguze ubora wa picha, au aongeze akiba, yaani kiasi cha video ambacho kicheza hukiweka pembeni kabla ya kukionyesha. Katika VLC ya kompyuta, akiba ya mtandao huwekwa kwa milisekunde: 3000 ni sekunde 3. Neno "akiba" linatosha kabisa kwa jambo hili, na kila mtu analielewa bila kufundishwa.

Halafu ipo kuchelewa, ambayo watu huilalamikia kama ubovu. Mwongozo wa HLS uliochapishwa mwaka 2017 unakishauri kicheza kisianzie karibu na mwisho wa orodha kuliko urefu wa vipande 3. Vipande vikiwa vya sekunde 6, mtazamaji yuko nyuma kwa sekunde 18 hata kama mtandao wake ni mzuri kupindukia. Bwana harusi ameshavishwa pete kanisani, na kule Nansio, Ukerewe, bado wanamwona mchungaji akiibariki. Aliyeongeza akiba atachelewa zaidi, naye anapaswa kuambiwa hilo mapema. Kwenye karatasi yako weka sentensi moja: "Video huchelewa nyuma ya tukio kwa sekunde kadhaa, huo si ubovu." Itakupunguzia simu nyingi. Na sauti isipoenda sawa na midomo, huko si kuchelewa kwa video nzima. Sema "sauti na picha zinapishana". VLC ya kompyuta ya Windows hurekebisha hilo kwa vitufe vya J na K.

"Inalodi" inaeleweka, ila kuiandika "inapakia" kutakuletea mkanganyiko, kwa kuwa kupakia ndilo neno tunalotumia unapopandisha faili mtandaoni. Mtazamaji wako hapandishi chochote. Andika "inasubiri data".

Sasa "mubashara". "Moja kwa moja" ni Kiswahili kizuri, na redio zimelitumia miaka mingi, lakini lina maana zaidi ya moja. Ukiandika "video itacheza moja kwa moja", wapo watakaoelewa kwamba itaanza yenyewe bila kubonyezwa, na wapo watakaoelewa kwamba haitakuwa na mapumziko. Kwenye maelekezo ya kiufundi hilo ni hatari. "Mubashara" limetoka Kiarabu, limeshazoeleka kwenye vituo vyetu vya Tanzania, na halina maana nyingine ya kulichanganya. Halichukui kiambishi cha ngeli: matangazo mubashara, video mubashara, tunatangaza mubashara. Wala huhitaji "ya" katikati.