Re: Seli shina kwenye titani, naomba ushauri kabla sijaagiza diski

Mkuu, umesema unataka kuotesha seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa mfupa) juu ya diski za titani uone uso upi unajenga mfupa zaidi, na diski zisizo na seli utaziruka "ili kuokoa vifaa". Hapo simama kwanza. Usiagize kitu.

Mimi nilifanya hivyo hivyo. Seli shina za uboho juu ya diski za titani, nyingine zimekwaruzwa kwa mchanga na asidi, nyingine zimepakwa haidroksiapatiti (madini kama ya mfupa), siku ya 21 unamwaga rangi ya alizarini uone wapi pamejengeka mfupa. Zilizopakwa zikaiva nyekundu kama nyanya masalo. Nikapiga picha, nikawatumia hadi nyumbani (mama akauliza nimejikata wapi). Nikaandika sura nzima jinsi seli zilivyoupenda ule mpako.

Kwenye utetezi wa tasnifu mtahini wa nje akauliza: diski tupu, yaani yenye mpako ila bila seli, ilitoka rangi gani? Sina jibu. Nikarudi maabara, nikaitia rangi diski ambayo haijawahi kuona seli. Nyekundu vilevile! Alizarini inashika kalsiamu, na haidroksiapatiti yenyewe ni kalsiamu na fosfeti. Muda wote nilikuwa napima mpako. Sura ikafutwa, bajeti imekwisha, diski mpya nikanunua kwa hela ya mfukoni.

Aliyenishauri kwamba diski tupu ni ubadhirifu alikuwa mkubwa wangu pale maabara, wale wa "sisi hapa hatufanyagi hivyo". Siku ya utetezi kakaa nyuma anachezea simu. Mungu anamwona.

Na usidhani titani isiyopakwa itakuokoa. Ile beta-glaiserofosfeti ya kuchochea mfupa ikizidi, chumvi ya kalsiamu inajitengeneza tu, nayo inashika rangi. Deksamethasoni nayo inazisukuma seli kuelekea mfupa hata zikiwa kwenye plastiki, kwa hiyo ukiiweka kwenye kila kisima (kishimo cha sahani ya kuoteshea seli) hutajua kilichofanya kazi ni dawa au ni uso wa titani. Tenga kundi lisilo na dawa hiyo.

Lakini diski tupu kwanza! Mpako uleule, maji yaleyale ya kuoteshea, siku zilezile ndani ya inkubeta, rangi ileile, kisha kiwango chake ukitoe kwenye kile cha diski zenye seli. Pima pia kama seli zimewasha jeni ya osteokalsini (protini ya seli zinazojenga mfupa), maana mpako hauna jeni.

Yale maswali yako mengine, kuhusu zirkonia (kauri ya vipandikizi) na kama uchukue seli za uboho au za kiini cha jino, wadau wengine watakusaidia. Diski zisipotosha, acha hiyo zirkonia.